Achia

Barazani kwa Makame, chai ya tangawizi,
kila mtu na uongo wake.
Salhina eti hakufumba macho.
Haji eti kaiona Pemba yote,
na moshi wa jiko la shangazi yake.

Miye nanyamaza. Mkwezi wa Jambiani,
miaka ishirini na neno moja la baba: shika.
Kule juu, mlangoni, upepo unanizaba makofi,
mwalimu kanifunga kifuani, mbeleko kinyume,
ananipigia ukelele sikioni: achia.

Nikaachia.
Minazi niliyoijua kwa magoti
ikawa tuta la mchicha.
Mwavuli ukafunguka; ndipo nikasikia ninavyocheka.

"Kesho utakwea?" Haji ananichokoza.
Nitakwea.
Ila kikombe nishikieni kwanza,
mikono yangu bado iko juu.