Themanini na Nane

Bunda limeandikwa mita mia nane.
Wamelivusha na feri asubuhi, limefungwa kwa gazeti kama nyama:
Nampota, Mchopa, Chitanda,
na Likumbo, ambaye ndevu bado zinamfikiria.
Wamechanga sawa. Wanataka sawa.
"Msanga Mkuu nzima, mwenye meza ni wewe," wakaniambia.

Meza yangu ya kukatia ina mita mbili kamili,
msumari mwanzo, msumari mwisho.
Hapo nimepima magauni ya harusi, sare za shule,
na sanda, mara mbili, kwa mkono uliotetemeka.
Mshipi sijawahi.
Lakini uzi ni uzi.

Binti yangu Somoe analishika bunda kwenye mpini wa mwiko;
linazunguka, linalalamika kidogo.
Mimi navuta, msumari hadi msumari, moja,
naupitisha kwenye kitambaa kibichi, ukaze bila kuumia,
kisha naulaza: kushoto kwenda kulia, kulia kurudi kushoto,
kama fundi anayepiga lipu.
Ukirundikana katikati utazama chini ya mwenzake,
na siku chewa akivuta, utagoma.
Ukikazwa mno, nailoni haisahau:
itatoka na mapindo, kama nywele zilizofumuliwa.

Vigurudumu havifanani.
Cha Nampota ni cha mninga, kimenona tumboni.
Cha Mchopa ni plastiki, kiuno cha nyigu.
Likumbo kakata chake kwenye chupa ya maji.
Ndiyo maana sihesabu mizunguko, nahesabu meza;
mzunguko wa mnene si mzunguko wa mwembamba.
Mchopa hilo halimwingii.
"Cha mwenzangu mbona kimejaa zaidi?"
Kimejaa, baba, kwa sababu tumbo alikuja nalo.

Meza mia kwa Nampota. Kata.
Meza mia kwa Mchopa. Kata.
Meza mia kwa Chitanda. Kata.
Wakaenda kutazama mpira.

Kwa Likumbo nilifika themanini na saba,
themanini na nane,
na ncha ikaniponyoka mkononi.
Somoe akachungulia ndani ya bunda,
kana kwamba mita ishirini na nne zimejibanza kwenye kadibodi.

Sasa.
Kuunga siwezi: kwenye fundo ndiko mshipi hukatikia,
na aliye chini huko hahitaji kuonyeshwa.
Kunyamaza ningeweza. Chupa ni nene, inadanganya vizuri,
ukiitazama utadhani imeshiba.
Na yeye ni mdogo, huvua kando ya mikoko,
nani angepima?

Nikachukua mkasi.
Nikafungua cha Nampota, meza kumi na mbili. Kata.
Cha Mchopa. Cha Chitanda.
Themanini na nane, themanini na nane, themanini na nane.
Mezani vikabaki vipande vitatu, kama masalio ya shela.

Waliporudi, Mchopa alipiga kelele hadi jirani akazima redio.
"Umenikatia mshipi wangu!"
Nikampa kadibodi: mia nane, kwa wino mzuri, wa bluu.
Kagombane na wino.

Masalio nayo wakayataka sawa.
Thelathini na sita kwa wanne:
tisa, tisa, tisa,
na kwa Likumbo, tena, vilivyosalia:
tatu, na tatu, na tatu.
Nikaona aibu. Nikasema ngoja, nifikirie.
Lakini yeye alikwisha kaa kizingitini
anafunga ndoana kwenye kipande cha kwanza,
anakaza kwa meno,
na kwa mdomo uliojaa nailoni anawacheka wenzake,
ambao bado wanauliziana nani ana kisu.