Cheti cha Tchilombo

Baba alikuwa fundi viatu, Huambo, nyuma ya stesheni.
Novemba ile walimjia vijana wawili,
tai shingoni, vumbi magotini,
wakamwambia: Mzee Sapalalo,
nchi tunayo, muhuri hatuna.

Akatafuta mpira. Mreno wa duka la misumari
alikuwa amehama na friji, na mbwa, na hata vitasa vya milango,
akasahau buti zake barazani.
Baba akakata kisigino cha kushoto,
akaichonga jamhuri kinyumenyume
usiku kucha, kwa kisu cha soli,
herufi baada ya herufi, ulimi nje kama mwanafunzi.
Ile N ikamshinda. Ikatoka imegeuka.
Haidhuru, wakasema vijana, wino utaisitiri.

Desemba akazaliwa dada yangu,
mvua ya nyanda za juu ikipiga bati hata hatusikizani.
Mama akamwita Tchilombo:
kwa Kiumbundu, ago la njiani,
pahali pa kutua mzigo usiku mmoja
na kujitwika tena alfajiri.

Cheti chake kikagongwa kisigino.

Kila jioni tulizungusha redio, stesheni hadi stesheni,
tukisubiri nchi moja tu, hata ya kisiwa,
iseme inatutambua.
Mikwaruzo.
Mkunga ndiye aliyetambua. Alimshika mtoto miguu,
akamsikia, akasema: huyu yupo.

Nayo serikali ilikuwa wapangaji wawili, ufunguo mmoja.
Hata Krismasi haijafika
walishaanza kupigana risasi mjini.
Baba alishona chini ya meza,
midomo imejaa misumari,
kwa hiyo hatukujua alikuwa upande gani.

Februari wakaondoka usiku, malori bila taa.
Mmoja wa wale vijana alipitia kwetu. Tai hana.
Akatoa muhuri mfukoni, umefungwa kwa leso:
Mzee, ufiche.

Baba hakuuficha.
Kulikuwa na mzee wa relini, Kasoma, kiatu chake kimekaa wiki tatu
kikingoja kisigino.
Baba akaupigilia pale, misumari sita.
Kasoma akaenda zake kwenye tope,
na kila hatua ya kushoto
akiacha nyuma yake jamhuri nzima,
N ikiwa imegeuka,
mpaka mvua ijayo.
Kabla ya kiangazi zilibaki herufi tatu.
Kisha duara tupu.

Mwaka jana Tchilombo alikwenda kuomba pasipoti.
Karani kijana alikiinua cheti kwenye mwanga wa dirisha.
Mama, hii nchi iko wapi?
Dada akatazama viatu vyake.
Ililika, akasema.

Karani hakucheka. Akaandika kipya: tarehe ileile,
mji uleule, nchi nyingine.
Akanyoosha mkono achukue kile cha zamani akakichane.
Dada alikuwa ameshakikunja,
kwa mikunjo yake ya miaka yote,
na anauliza choo kiko upande gani.