Sakafu ya Nguba

Betri kwanza. Usiku kucha imelala kwa Ciza,
kinyozi wa Kadutu mwenye jenereta,
katikati ya simu kumi na saba za watu,
ikinywa umeme wa faranga mia tano.
Nsimire anaipima: kumi na mbili na nukta nne.
Anaandika kiganjani, kwa biki.
Daftari tumelisahau kwenye pikipiki.

Halafu skrubu, moja moja,
kama mtu anayechambua maharage:
hii imekaza, hii imekaza, hii inanidanganya.
Mpira wa magurudumu tuliukata
kwenye tyubu ya baiskeli ya kaka yake Iragi,
na kaka yake Iragi bado hajajua.

Jina lake Sambaza. Mdogo, na ana haraka.

Kazi yangu mimi ni moja: kumweka.
Mraba wa mkanda wa njano,
mgongo uguse ubao, pua itazame makopo.
Mwamuzi anaturuhusu jaribio moja.
Sambaza anaondoka vizuri,
kisha anakata kushoto
kama mlevi aliyekumbuka deni.

Hakuna anayesema kitu.

Ndipo naikumbuka sakafu yetu.
Kadutu sufuria hutiliwa kijiwe upande mmoja,
kitanda matofali mawili,
na gololi ikikuponyoka mlangoni
utaiokota kwa jirani wa chini.
Miezi minne tumemfundisha huko,
naye, mwanafunzi mtiifu, akaushika mlima:
kila mzunguko, kushoto kidogo, asiporomoke.
Huku Nguba wamemwaga saruji, wakaipima kwa maji,
na Sambaza wetu anashindana na mlima
ambao haupo.

“Toa ile nane,” namwambia Nsimire.
Anafungua kompyuta, anautafuta mstari.
Nane. Tarakimu moja tu,
na ndani yake nyumba nzima, ngazi za udongo,
mvua inayopita chini ya meza.
Anaifuta. Anaandika sifuri.
Anafikiri. Anaandika moja.
“Hata kwa matajiri,” anasema,
“maji hujua pa kwenda.”

Imebaki dakika, au pungufu.
Namweka tena. Mgongo, ubao. Pua, makopo.
Nafuta vumbi kwa kidole na mate,
mama angenisema.
Nabonyeza. Taa ya kijani.
“Mikono!” anaita mwamuzi,
nasi tunarudi nyuma ya mstari.

Tatu.

Iragi anatazama viatu vyetu, anaanza kucheka:
kwenye sakafu iliyonyooka hivi,
sisi sote watatu
tumesimama tumelalia kushoto.