Sikio la Penseli

Miaka thelathini na moja niliwapiga watu picha
bila kuwatazama nyuso.
Vua shati. Vuta pumzi. Ibane. Haya, achia.
Mbavu zikajitokeza kama vyuma vya dirisha,
moyo ukawa kivuli cha ukubwa wa ngumi,
na jina chini, upande wa kulia, kwa herufi ndogo.
Akishatoka mlangoni simjui tena,
hata tukikutana Gikomba tukigombania koti moja.

Nilipostaafu nikaanza kununua nyuso.

Ya kwanza niliipata ghalani, Eneo la Viwanda,
nyuma ya kiwanda cha sabuni, kwa Ndavi,
anayechanganya rangi kwenye vifuniko vya madebe
na hataji bei mpaka akutazame viatu.
Mwanamke anamenya kitunguu, macho yamelowa.
Nikauliza: analizwa na kitunguu, au ana lake?
Ndavi akasema: lipa, ukae naye, atakwambia.
Nimekaa naye miaka sita.
Hajaniambia.

Nyumba yangu ni vyumba viwili, South B, ghorofa ya tatu.
Kalenda niliishusha. Televisheni ikahamia jikoni.
Dada yangu Sabeth akija husimama katikati ya sebule,
mkoba kifuani:
“Umejaza nyumba wageni, na hakuna hata mmoja wa ukoo wetu.”
Namjibu, angalau hawa hawaombi nauli ya kurudi.

Nimejifunza mambo machache.
Picha haitazamwi saa sita, mwanga ukiwa mkali kama askari;
ngoja saa kumi, jua liingie kwa dirisha la jikoni, limechoka.
Anza na mikono. Uso unajua unachorwa, mikono imesahau.
Na ngozi yetu si rangi moja, asikudanganye mtu:
kuna zambarau chini ya jicho,
kijani kidogo kwenye taya,
kahawia ya chai iliyochemshwa mara mbili.

Sasa huyu wa shati la buluu.
Kichwa amekigeuza kidogo, kidevu juu.
Sikio moja limepakwa rangi likakamilika,
la pili ni mstari wa penseli tu.
“Saa kumi na moja ilifika akaenda lindoni,” Ndavi alisema.
“Nilimpa mia mbili na chapati madondo. Hakurudi.”
Jina? Hakuuliza.
Nami nikaomba nipunguziwe bei kwa ajili ya sikio hilo,
nikapunguziwa, nikafurahi.
Kwa miaka minne nikawaambia wageni:
tazameni maringo ya mtu huyu.

Julai akaja msomaji wa mita za maji,
binti mwenye buti na daftari, akiuliza funguo za sanduku la mita.
Mlango ulikuwa wazi. Akaacha kuuliza.
“Huyu mmempata wapi?”

Alikuwa na picha moja tu maishani, ya kitambulisho,
na kitambulisho kilichukuliwa
siku walipoandikiwa kibali cha kuzika.
Kageha hakuigusa turubai. Aliweka kiganja hewani,
karibu na shavu, kama anayepima joto la sufuria.
Kisha akacheka, kicheko chenye maji.
“Hilo ambalo halijaisha ndilo lilikuwa halisikii, tangu utotoni.
Ndiyo maana amegeuka hivyo.
Anamsikiliza anayemchora.”

Nikamwambia, mchukue.
Akasema kwake ukuta ni mabati, jua litambabua.
Muache hapa. Mita husomwa kila mwezi.

Mita iko nje, kando ya ngazi.
Kila tarehe ishirini anapanda hadi ghorofa ya tatu.

Nyuma ya turubai, chini, upande wa kulia,
nimeandika kwa herufi ndogo: Asiligwa.
Halafu nikaenda ghalani na bahasha,
zile pesa nilizopunguziwa.
Ndavi hakuifungua.
Alinitazama viatu kwanza.