Baba Kidonda

Waliniita kwa sababu ya mchwa.
Padri Lechipya alisema: fundi, njoo na patasi,
njoo na mafuta ya taa, usije na maswali.
Lakini nani atashika mguu wa mtu
asimwulize jina?

Alisimama pembeni, jirani na pipa la maji ya baraka,
kanisani Ihumbwila, kwenye mawe waliyoyapanga mapadri Wafaransa
babu yangu akiwa bado mgongoni.
Pua hana. Mkono wa kulia umeishia kiwikoni.
Wa kushoto umepandisha kanzu juu ya goti
kama mtu anayevuka korongo mwezi wa Januari,
na hapo pajani, kidonda,
kimechongwa kwa uangalifu kuliko uso.

Kitabu cha parokia kililiwa mwaka wa njaa,
si na watu, na mchwa haohao,
basi kila mtu alimpa jina lake.
Katekista Ndahani: huyu ni Yosefu, kachoshwa na safari ya Misri.
Wanakwaya: Yakobo, tazameni kofia.
Mama Sechelela, anayefagia humo tangu usichana, hakubishana.
Yeye alimwita Baba Kidonda,
na wanawake wenye watoto wa vidonda ndugu
walimpaka samli pale pale pajani
hadi mti ukawa mweusi, unang'aa kama kibuyu cha maziwa.

Nilimlaza juu ya magunia ya mtama.
Si mninga huu. Si mkola.
Nilipoukwangua ulitoa harufu nisiyoijua,
tamu kidogo, ya baridi,
harufu ya nchi ambako mvua haiombwi.
Nyuma ya kisigino, chini ya rangi tatu, herufi:
S, kisha R, kisha njia za mchwa.
"Rafaeli!" akasema katekista, akimwacha Yosefu bila kuaga.
Malaika? Nikapapasa mgongo wote, natafuta mizizi ya mabawa.
Laini.
Huyu hakuruka popote. Alitembea.

Ndipo nikayaona mashimo.
Manne, kwenye kitako, karibu na mguu wa kushoto,
mawili mbele, mawili nyuma, gundi imekaukia ndani.
Kitu kilisimama hapa.
Kitu cha miguu minne, kifupi kuliko mbuzi.

Nikamwuliza Mama Sechelela.
Akanyamaza muda wa kupepeta ungo mzima.
Kisha: "Bila yeye, mlango wangu unapigapiga."

Upepo wa Julai ulikuwa ukiisukuma tembe yake,
na nyuma ya mlango, akiuzuia,
mbwa.
Wa mti, sikio moja, mdomoni kitu cha duara
ambacho wajukuu waliapa ni kiazi.
Mkwewe alimwokota jalalani
mwaka padri fulani alipoona mbwa kanisani ni aibu.

Sista mmoja akaja kutoka Kondoa,
akatazama paja, akatazama mbwa,
akacheka hadi miwani ikadondoka.
Roko, akasema. Mtakatifu Roko.
Aliwauguza watu wa tauni mpaka ikampata mwenyewe,
akajificha porini asiwaambukize,
na mbwa wa mtu mwingine akampelekea mkate kila siku.

"Mbwa gani huyo," katekista akauliza,
"abebe mkate njia nzima asiumeze?"
Hakuna aliyemjibu. Sote tulikuwa tunaukumbuka
ule mwaka wa kitabu.

Padri ameandika jina kwa rangi ya bluu.
Nami nilichonga vijiti vinne vya mkola,
nikavijaribu kwenye mashimo, vikaingia kama meno.
Gundi sikutia.
Kila Jumapili Mama Sechelela humleta mbwa ndani ya kanga,
humsimamisha mahali pake, humwelekeza mkate juu,
na misa ikiisha humchomoa, wakaenda zao.

Ni saa ile tu, wakati wa mageuzo,
sote tumepiga magoti, kengele imekwisha kulia,
tunausikia kutoka ng'ambo ya shamba la mawele
mlango wake, ukipigapiga.