Kurasa Kumi na Sita

Kiwandani Lunga Lunga, zamu ya usiku,
mfalme hunijia vipande vipande:
karatasi moja pana kama shuka la mtoto,
kurasa nane mbele, nane nyuma,
na hakuna mbili zinazofuatana.
Ukurasa wa kwanza anatawazwa, ana miaka kumi na sita;
wa nane, kichwa chini juu ya ule wa kwanza,
analia ndani ya birika la kuogea
ili walinzi wasimsikie.

Mashine haijui hadithi. Mimi nakunja.
Mkunjo wa kwanza, kilio kinasimama wima.
Mkunjo wa pili, dada yake angali hai.
Wa tatu... lakini nilijua tangu saa nne,
kabla yeye mwenyewe hajajua,
kwamba ni kinywa chake kitakachosema: Fungeni lango.

Jina lake Lemashon. Mji wake uko chini ya huu wetu,
chini ya mabomba, chini ya tope jeusi la mto,
kule ambako maji bado ni baridi.
Lango lake la mawe lina sauti.
Kila usiku wa manane humwuliza swali moja:
Nani yuko nje?
Naye mfalme hujibu: Hakuna.
Na kila akijibu hivyo
kina cha maji hupungua kidole kimoja.

Ochola, msimamizi, anapita na kalamu sikioni.
"Kasyoka, unasoma au unakunja?"
Nakunja, nasema. Viganja vyangu vina wino
wa vita ambavyo sijui nani alivianza;
sehemu ile ilichapwa na watu wa mchana.

Ningemcheka mvulana huyu
na taji lake linalomteleza hadi masikioni,
lakini nami natawala.
Chumba kimoja Mukuru, wadogo wawili, kufuli moja.
Tangu tumzike mama kule Machakos amri ni zangu:
unga kiasi gani, taa mpaka saa ngapi.
Juzi, siku yangu ya mapumziko,
Kyalo alirudi saa sita akinuka moshi wa watu wengine.
Nikamwambia nyuma ya bati: kalale ulikokuwa.
Mvua ya Aprili ikaanza.
Mwende akaniuliza gizani,
"Ni nani huyo nje?"
Nikasema, upepo.

Saa kumi alfajiri karatasi moja ikatoka na doa,
wino umemfuta mfalme uso.
Ochola akaitupa. Nikaiokota, nikaificha chini ya sweta.
Sehemu ya mwisho haikufika mezani kwangu.
Sijui kama alifungua,
sijui kama dada alikuwa bado amesimama pale
au alishakwenda kujenga mji wake
usio na lango hata moja.

Nyumbani Kyalo alikuwa macho,
amekalia debe, hanitazami.
Nikaikunja karatasi mbele yake, polepole,
nikakata kingo kwa kisu cha mboga, nikampa.
Akasoma chai ikipoa.
Akafika mwisho ambao si mwisho.

"Sasa? Alifungua?"

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu sarafu.
Fundi wa pale stejini huchonga ufunguo wa pili
kwa mia na hamsini,
nami mkononi
nilikuwa na mia na ishirini.