Kisahani Nambari Kumi na Saba

Siku tisa nimekisugua.
Unga wa almasi, tone la mafuta, kitambaa;
kisha unga laini zaidi, kisha ulio laini kuliko huo,
mpaka ukingo wa fuwele, mdogo kama dengu,
ukaacha kuonekana, ukabaki mng'ao tu.

Nje, Besançon ina theluji.
Mto Doubs unaufikia mji wa kale, unauzunguka,
unakaribia kabisa kukutana na ulikotoka,
halafu unaghairi, unakwenda zake.

Bibi yangu Odile alirekebisha saa,
dirishani, kibanio mkononi,
utepe wa chuma mwembamba kama unywele.
“Saa haijisikii,” alisema, “ndiyo maana nina kazi.”

Leza yetu tuliinunua kwa bei ya viatu.
Iwashe: nuru isiyoonekana kwa jicho, hodari,
lakini haina msimamo.
Joto likipanda nusu digrii, inahama.
Lori la chumvi likipita mtaani, inayumba.
Iulize masafa yake, itakujibu;
iulize tena, itakana.
Nyani haoni kundule.

Aubin Jeannerot, mwenzangu wa zamu ya usiku,
herufi B humkaba kama mwiba wa samaki.
Kuutaja mji aliozaliwa humgharimu pumzi tatu.
Mikutanoni huvaa kidude sikioni
kinachomrudishia sauti yake mwenyewe
ikiwa imechelewa kiasi cha kupepesa jicho,
na ghafla maneno yanapanga foleni, yanatoka.
Niliwahi kukiazima. Mimi mwenye ulimi mtelezo
nikagugumia kama mlevi anayehesabu ngazi.

Kisahani cha kumi na sita kilikuwa kamilifu.
Nuru iliingia, ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka,
wala hakuna chembe iliyogeuka kurudi.
Leza ikaendelea kuropoka.

Hiki cha kumi na saba kina mkwaruzo.
Nilipiga chafya, mkono ukaruka, basi.
Nilikuwa tayari kukitupa.
Aubin akakinyanyua kwa kibanio,
akakiweka mezani, akakisogezea mche wa kioo
mpaka kati yao pasienee hata wimbi moja zima.

Nuru ikaingia. Ikazunguka. Ikajikwaa pale,
pale nilipopiga chafya,
na sehemu yake, kidogo sana, tone katika pipa,
ikageuza uso, ikazunguka kinyumenyume,
ikatokea mlango ule ule ilioingilia,
ikarudi kwenye kinywa kilichoitamka.

Mwanzoni, vurugu. Skrini ilijaa nyasi.
Mwangwi unaofika wakati mbaya
ni kelele juu ya kelele.
Aubin akazungusha parafujo kwa unene wa ukungu,
akarudisha, akazungusha tena,

nyasi zikalala.
Mstari mmoja ukasimama.
Mwembamba. Nilibana pumzi nisiupeperushe.

Lori la chumvi likapita. Madirisha yakalia.
Mstari haukugeuka hata kutazama.

Hatukuiamuru, nataka hilo lijulikane.
Ilisikia sauti yake yenyewe
ikitoka mahali palipoizungusha hadi ikatulia,
ikaitambua, ikaishika.

Saa tisa usiku Aubin alimpigia simu Bi Ravoyard.
Kidude alikuwa amekiacha kwenye koti.
“Ime… ime… imeb…”
Imebana. Nililiona neno likimsubiri kooni.
Nilitaka kummalizia. Nikaing'ata midomo.
Upande wa pili wa kioo theluji ilikuwa ikianguka,
na upande wa pili wa simu
Bi Ravoyard naye alingoja.

Nikafungua daftari, nikaandika:
Nambari 17. Ina mkwaruzo. Isisuguliwe tena.